Asubuhi Isiyoandikwa

19 Mei 2019

Nyuzi 11. Mwaka jana, siku kama leo: 6.

Nimeanza daftari jipya. La mwaka jana liliandikwa na mke wangu, Hélène, na waliojua hivyo walishangaa. Mimi ndiye niliyefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, Bukavu kwanza na Kigoma baadaye, kwa hiyo kila mgeni alidhani kipimajoto kilicho ukutani ni cha mwalimu. Hapana. Mimi nilieleza, yeye alipima. Saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni alitoka na shuka begani, akasoma, akaandika kwa kalamu ya risasi. Alisema wino hauvumilii baridi ya mtaa wetu wa Jeppestown.

Kipimajoto kiko kwenye ukuta wa ua unaotazama kusini. Nieleze sababu. Kwetu Bukavu, karibu na ikweta, jua hubadilisha upande mara mbili kwa mwaka. Hapa Johannesburg, wakati wa baridi, jua hupita kaskazini peke yake, hivyo ukuta unaotazama kusini hubaki kivulini. Ukipima juani unapima jua; ukitaka kupima hewa, pima kivulini.

Jengo letu lilikuwa karakana ya vitanda vya chuma. Sasa ni vyumba kumi na vinne vilivyogawanywa kwa mbao, ua mmoja na bomba moja. Mlango wangu unatazamana na wa Murielle, fundi cherehani, mtu wa kwetu, wa mtaa wa Kadutu. Mumewe Pacifique ni mlinzi huko Diepsloot, anaondoka saa kumi jioni na kurudi saa mbili asubuhi. Binti yao Carmel ana miaka saba.

Leo Murielle ametundika makoti ya sufu ya kuuza aliyoshona tangu Machi, kumi na tisa kwa jumla, mstari mzima wa watu wasio na vichwa.

"Papa Mwalimu," ameniuliza, "hii hiver, hii baridi ya mwaka huu, iko wapi? Ilipoteza njia?"

"Bado ni Mei, Mama Carmel."

"Mei ya mwaka jana nilikuwa navaa makoti mbili kwenda ku bomba."

Ni kweli. Iko kwenye daftari.

20 Mei

Nyuzi 10. Mwaka jana: 5.

21 Mei

Nyuzi 11. Mwaka jana: 6. Nimeumwa na mbu. Mbu, mwezi wa tano, Johannesburg.

24 Mei

Nyuzi 10. Mwaka jana: 4.

Nilipotoka asubuhi nilikuta kioo cha kipimajoto kimepanguswa. Ua huu una vumbi kila siku, maana fundi wa bodi za magari upande wa pili wa ukuta hupiga msasa tangu asubuhi mpaka jioni. Mimi sijapangusa. Hélène alikuwa akipangusa kila Jumamosi kwa pindo la shuka.

Leo ni Ijumaa. Basi mtu amewahi siku moja.

2 Juni, Jumapili

Nyuzi 9. Mwaka jana: 3.

Leo naandika jambo ambalo sijamwambia mtu.

Kwetu tunaita mbabula. Wazulu wa hapa wanasema imbawula, na ni kitu kile kile: ndoo ya bati iliyotobolewa kwa msumari pande zote, unaijaza kuni na makaa ya mawe, unaiwasha nje. Mwanzo moshi ni mwingi. Baada ya saa nzima moshi unaisha na makaa yanakuwa mekundu, mazuri kutazama. Hapo watu wanaibeba kwa waya, wanaiingiza chumbani na kuziba uwazi wa chini ya mlango kwa blanketi.

Nimefundisha mara zisizohesabika kwamba makaa yakiungua kwenye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Moshi si hatari kubwa; moshi ni mlinzi anayepiga kelele. Moshi ukiisha, mlinzi ameondoka, lakini mwizi yumo ndani. Hayo niliyaandika ubaoni kwa chaki. Wanafunzi waliyanakili.

Tarehe 12 Julai mwaka jana umeme ulikatika na usiku ulikuwa mkali sana. Niliwasha mbabula uani. Hélène aliniuliza kama ni salama kuiingiza. Nilikuwa nimechoka, vidole vinaniuma, na nilijua jibu sahihi. Nikasema: "Moshi umeisha. Tutafungua dirisha kidogo." Dirisha sikulifungua.

Alfajiri niliamka kwenda msalani, nikaanguka kwenye korido. Kuanguka huko ndiko kulikoniokoa, maana sakafuni pale kulikuwa na hewa inayotoka uani. Nilipopata fahamu kulikuwa kunapambazuka. Niliporudi chumbani, Hélène alikuwa amelala upande wake, mashavu yake yana rangi nzuri kama ya mtu mwenye afya. Hiyo nayo ni kazi ya hewa ile. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi.

Hospitali ilitoa karatasi yenye sababu ya kifo. Ninayo, imekunjwa mara nne. Waliofika msibani niliwaambia kwamba moyo wake ulisimama. Si uongo. Hakuna aliyekufa ambaye moyo wake haukusimama.

Bado halijafika lililo baya zaidi. Baada ya mazishi sikuweza kuitazama ile mbabula. Murielle akaniuliza kama naihitaji. Nilimwambia achukue. Iko pale mlangoni pake, ameweka sufuria kuukuu juu yake, anasubiri baridi.

Na baridi haiji. Kila asubuhi nikisoma nyuzi 9, nyuzi 10, napumua. Siku moja zaidi ya kutosema.

3 Juni

Nyuzi 10. Mwaka jana: 3.

5 Juni

Nyuzi 10. Mwaka jana: 2.

9 Juni, Jumapili

Nyuzi 9. Mwaka jana: 2.

Baada ya ibada Apondi alinisindikiza mpaka kwenye robot ya barabara kuu, pale taa zinapoongoza magari. Ni Mkenya, anafundisha chuo kikuu hapa mjini, anashughulika na hali ya hewa. Mtu mwenye haraka, lakini akimsikiliza mzee hupunguza mwendo.

"Mwalimu, nasikia una rekodi za kila siku. Mbili kwa siku? Kwa kalamu?"

"Za mwaka jana ni za mke wangu."

"Naomba nizipige picha. Vituo vyetu viko uwanja wa ndege na mitaa ya wenye bustani. Hakuna anayepima pale watu wanapolala vyumba kumi na vinne bomba moja."

Nimemwambia asichukulie joto la majira mamoja kuwa ushahidi wa kila kitu. Akacheka: "Mzee, hiyo ni lecture yangu ya kwanza unanipa mimi."

Kisha akasema jambo ambalo limenifuata mpaka nyumbani. Watu wengi wanafurahia baridi ndogo: umeme mchache, makaa machache, kikohozi kidogo. "Inawezekana kufurahi na kuogopa kwa kitu kimoja," alisema. "Mimi ninavyoona joto hili, kila mtu analifurahia, kwa hiyo hakuna anayeuliza limetoka wapi."

11 Juni

Nyuzi 10. Mwaka jana: 1.

Carmel alicheza uani bila viatu. Mama yake alimwita aje avae soksi. "Hayi, Mama, kuyashisa!" Anaelewa kila neno tunalosema na hujibu kwa Kizulu. Hata hivyo alisema kweli. Kulikuwa na joto.

15 Juni

Nyuzi 9. Mwaka jana: 1. Kioo kimepanguswa tena. Leo ni Jumamosi.

16 Juni

Nyuzi 9. Mwaka jana: 3.

Nimempa Apondi daftari la Hélène. Ukurasa wa mwisho nimeubana na jalada kwa pini. Sijausoma tangu siku ile. Jioni ya tarehe 12 nilimwona akiandika kwa muda mrefu, zaidi ya muda wa kuandika namba. Mimi nilikuwa nazungusha makaa kwa fimbo. Sikumuuliza anaandika nini. Apondi aliiona pini, akanitazama, akalifunga daftari.

23 Juni

Nyuzi 8. Mwaka jana: 0.

Apondi amerudisha daftari. "Pini iko pale pale," alisema, kabla sijaangalia.

24 Juni

Nyuzi 9. Mwaka jana: 2.

30 Juni

Nyuzi 10. Mwaka jana: 3.

Nimejaribu leo. Nilivuka ua na sentensi tayari mdomoni. Murielle alikuwa anafumua pindo la koti.

"Mama Carmel, ile mbabula..."

"Ee, Papa, hata sijaiwasha! Mungu alituonea huruma. Nasema ni Mama Hélène anatuombea huko. Alikuwa anachukia baridi mpaka basi."

Nikasema: "Ina kutu chini. Ingekuwa bora uitupe."

"Kutu? Mbabula nzuri vile? Papa Mwalimu, wewe hujui vitu ya mama."

Nikarudi chumbani na sentensi yangu.

1 Julai

Nyuzi 9. Mwaka jana: 1.

2 Julai

Nyuzi 9. Mwaka jana: 1.

3 Julai

Nyuzi 10. Mwaka jana: 0.

Naona namba zake zinashuka na zangu zimesimama. Ni kama watu wawili wanaoshuka ngazi, mmoja anateremka na mwingine amebaki juu akimwangalia.

7 Julai

Nyuzi 9. Mwaka jana: 0.

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijavaa viatu, nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi. Sauti ndogo, kavu, nje ya mlango, upande wa kipimajoto. Nilikaa kitandani mpaka ikaisha. Nilipotoka, ua ulikuwa mtupu na kioo kilikuwa safi.

Mimi ni mtu wa kueleza. Panya hukwaruza. Bati hupanuka likipata joto. Yote mawili nimeyaandika hapa na hakuna hata moja ninaloliamini.

10 Julai

Nyuzi 10. Mwaka jana: 0.

11 Julai

Nyuzi 9. Mwaka jana: chini ya sifuri, 1.

12 Julai

Nyuzi 10. Mwaka jana asubuhi: 0. Namba ya jioni iko nyuma ya pini.

13 Julai, Jumamosi

Nyuzi 9. Mwaka jana: haikuandikwa.

Tulifanya sala ya mwaka mmoja. Wamekuja watu ishirini na zaidi, wamekaa uani na mashati ya mikono mifupi. Pacifique aliomba ruhusa kazini, akaja na viti vya kukodi. Murielle alipika sombe ya majani ya muhogo na samaki. Watu walizungumza juu ya Hélène: sauti yake katika kwaya, ubishi wake sokoni, jinsi alivyomkatalia askari mmoja mkubwa asikanyage tuta lake la mboga. Kila mtu alisema kitu cha kweli isipokuwa mimi. Mimi nilisema, "Moyo wake ulisimama," na wakaitikia.

Nilikuwa nimeisubiri siku hii kwa hofu, nikidhani baridi itakuja nayo, kama mtu anayerudi kudai kitu chake. Haikuja. Jua lilikuwa zuri. Nilitokwa jasho kwenye suti ya msiba.

Wageni walipoondoka nilifikiri juu ya chumba kilichozibwa chini ya mlango. Apondi angenisahihisha, na angekuwa sahihi: hewa inayoipasha moto dunia ni nyingine, kaboni dioksidi, haiui kwa njia ile. Lakini zote mbili zinatoka kwenye moto huo huo, zote hazionekani, na zote mbili kwanza huleta raha. Mtu aliye ndani huona joto tu, na hulala vizuri.

Naeleza vizuri sana. Nimekuwa nikieleza vizuri maisha yangu yote.

14 Julai

Nyuzi 9. Kuanzia leo hakuna namba ya mwaka jana.

20 Julai

Nyuzi 10.

27 Julai

Nyuzi 11. Mpichi wa kwenye kona umechanua. Mzulu mmoja mzee wa hosteli ya wafanyakazi alisimama akautazama akitikisa kichwa. "Eish, baba," aliniambia, "huu mti umedanganywa." Kwa kawaida huchanua mwisho wa Agosti.

4 Agosti, Jumapili

Nyuzi 11.

Murielle ameshusha makoti. Yamebaki kumi na manne. Ameyafunga kwa shuka na kuyaweka juu ya kabati.

"Imekwisha, Papa Mwalimu. Hiver imepita bila kutusalimu."

"Agosti haijaisha, Mama Carmel. Hewa ya kusini inaweza..."

"Papa, wewe unapenda baridi, ee? Unaisubiri kama muchumba."

Pacifique alicheka mpaka akakohoa. Nilicheka nami. Nilifurahi kweli, na hilo linanitia aibu. Nilijiona mtu aliyefika mwisho wa safari bila kukaguliwa. Mwaka ujao, nilijiambia, nitapata njia.

8 Agosti

Nyuzi 10. Umeme wa jengo umekatika tangu jana saa tano. Waya umeungua kwenye sanduku la ukutani. Fundi anasema hadi Jumatatu.

9 Agosti

Nyuzi 9. Upepo umegeuka. Unatoka kusini, una harufu ya vumbi lililolowa.

11 Agosti, Jumapili

Chini ya sifuri, nyuzi 2.

Naandika asubuhi, mikono ndani ya soksi. Nieleze jana yote, kwa mpangilio.

Saa sita mchana kipimajoto kilisoma 16. Saa nane, 11. Saa kumi, 5. Sijawahi kuona namba zikishuka hivyo. Nilitoka kila baada ya nusu saa kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Mawingu yalikuwa ya chini, ya kijivu. Mpichi wa kona ulikuwa unapukutisha maua barabarani.

Saa kumi Pacifique aliondoka kwenda kazini amejifunika mpaka macho. Saa kumi na moja nilisikia bati likiburutwa kwenye saruji. Naijua sauti ile. Nilifungua mlango.

Murielle alikuwa ameiweka mbabula katikati ya ua na kuijaza. Moshi ulikuwa mzito na wa njano. Carmel alisimama kando amevaa koti la mtu mzima linalogusa chini, akikohoa. Majirani wawili watatu walinyoosha mikono kwenye moto.

"Papa Mwalimu, karibu ku moto! Si uliisubiri hiver? Imekuja na mizigo yake yote."

Nikasogea. Nikasema, "Mtaiacha hapa uani."

"Hapa? Na usiku tulale na nini? Moshi ikiisha naiingiza."

"Blanketi zitashika moto."

"Nitaiweka mbali na kitanda."

"Mtoto anakohoa. Makaa ya mawe ni mabaya kwa kifua."

"Ndiyo maana nasema moshi iishe kwanza. Papa, mimi si mujinga. Mama Hélène alinionesha vizuri ile jioni umeme ilikatika: inawaka nje, inakuwa nyekundu, moshi hakuna, hatari hakuna. Alisema ni Mwalimu mwenyewe alimwambia. Na mwaka jana nyinyi mulilala namna gani? Bila moto?"

Alikuwa anatania. Majirani walicheka. Mimi nilikuwa natazama yale matundu ya msumari, niliyoyatoboa mwenyewe, na nyuma yake moto ulianza kubadilika rangi.

Nikasema, "Mwaka jana tuliiingiza."

"Si unaona?"

"Ndiyo iliyomuua."

Hakuna aliyecheka tena. Murielle alishika fimbo ya kuchochea makaa na hakuyachochea. Nadhani hakunielewa, au alinielewa na akanipa nafasi ya kuyarudisha maneno. Nikaingia chumbani. Nikachukua ile karatasi ya hospitali na daftari la kijani la Hélène. Nilirudi, nikakunjua karatasi mikunjo yote minne, nikasoma sababu ya kifo kwa sauti, nikaieleza. Nilieleza kila kitu: hewa, damu, mashavu mazuri, dirisha ambalo sikulifungua. Sauti yangu ilikuwa ya darasani. Sikuwa na nyingine.

"Na hapo," Murielle aliuliza akionesha daftari, "mumeandika nini?"

"Sijui. Sijasoma."

"Soma."

Nikachomoa pini. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, umejaza nusu ya ukurasa. Niliusoma mara ya kwanza mbele yao wote, nikiwa nimeinamia mwanga wa ile mbabula:

*Tarehe 12 Julai, jioni. Nyuzi 1. Hakuna umeme. Firmin amewasha moto na sasa ni mwekundu. Nimemuuliza kama ni vizuri kuuleta ndani, amesema moshi umeisha. Yeye anajua mambo haya. Vidole vyake vimepasuka, nitampaka mafuta. Kesho asubuhi asome yeye, mimi nitalala mpaka jua litoke.*

Murielle akamvuta Carmel nyuma yake, mbali na moto na mbali na mimi.

"Mwaka muzima," alisema. "Mwaka muzima na mwezi karibu. Hii kitu iko ku mulango yangu. Asubuhi unatoka, unaiona, unanisalimu, 'Mama Carmel, umeamkaje.' Mutoto yangu unamupa bonbon tamu."

"Nilikuambia uitupe."

"Uliniambia ina kutu!"

Nikaikunja tena karatasi ya hospitali.

"Unajua nani anapangusa kile kioo yako?" Alinyoosha fimbo kuelekea ukuta wa kipimajoto. "Ni mimi. Kila wiki, mapema, mbele hujatoka. Najisemea, huyu mzee amebaki peke yake, basi nimupangusie kama Mama Hélène alivyofanya. Na siku zingine nilikuwa naandika na mimi, ku kipande cha karatasi, namba ya baridi, ili nijifunze. Nilitaka nikuoneshe mwisho wa hiver. Mimi nilikuwa nakuonea huruma!"

Alichukua ndoo ya maji kwenye bomba na kuimwaga yote juu ya makaa. Mvuke ulipanda juu kuliko paa. Bati lilipiga kelele na kupinda upande mmoja.

Kisha akaenda kushusha yale makoti. Aligawa kumi na manne yote, chumba kwa chumba, kwa watoto kwanza. Aligonga kila mlango na kwa kila mlango alisema kwa nini hawapaswi kuingiza moto. Nilimsikia kupitia mbao. Alieleza kwa maneno manane au tisa. Kila mtu alielewa.

Mlango wangu hakuugonga, na hilo ni haki.

12 Agosti

Chini ya sifuri, 1. Wote jengoni wameamka salama. Umeme umerudi saa nane.

13 Agosti

Nyuzi 1.

Pacifique amekuja. Hakukaa. "Mwalimu," alisema, "mimi ninalinda mali ya watu usiku kucha, nawaacha wangu. Nilikuwa najisemea, mbele ya mlango wao kuna mzee." Akageuka, akaondoka. Nilitaka anitukane.

15 Agosti

Nyuzi 4. Apondi amepiga simu. Kazini kwao kuna wanaosema kwamba baridi hii imewaumbua wenye hofu ya joto. Nimemwambia siku tano haziwezi kufuta wiki kumi na mbili. "Hiyo najua, Mwalimu," alisema. "Nilitaka tu kusikia ukiisema." Kisha akauliza: "Ile pini?" Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho.

18 Agosti, Jumapili

Nyuzi 7.

Jana asubuhi Murielle alipita mbele yangu bila kunisalimu, akasema kwa ukuta: "Kesho baada ya sala utasema kwa kanisa muzima. Si kwa jengo tu."

Leo nimesema. Nilisimama mbele ya watu wale wale ambao mwezi uliopita niliwaambia moyo wake ulisimama. Kuna waliolia na kuna walioondoka kabla sijamaliza. Mama mmoja wa Uvira aliuliza kama kutoboa tundu ukutani kunatosha. Nikamjibu kwamba hakutoshi. Baba mmoja akauliza tena jambo lile lile kwa njia nyingine, maana wanatafuta ruhusa, kama nilivyoitafuta mimi. Nikajibu tena. Nilijibu mpaka walipochoka kuuliza.

19 Agosti

Nyuzi 9.

24 Agosti, Jumamosi

Nyuzi 10.

Niliamka mapema, nikasimama mlangoni. Saa kumi na mbili kasoro Murielle alitoka na kitambaa. Aliniona. Hakusalimu. Alipangusa kioo kwa uangalifu, mpaka kwenye kona, akainamia namba, akaandika kwenye kipande chake cha karatasi, akarudi ndani. Sasa najua kwamba kazi hiyo haifanyi tena kwa kunihurumia, ni yake mwenyewe, na sauti ile niliyoiogopa Julai ilikuwa ya kalamu yake.

Mbabula iko mlangoni kwangu. Ameirudisha, imepinda, imeoshwa.

31 Agosti

Nyuzi 12. Joto limerudi, jioni wanakaa uani. Majira ya baridi yamekwisha, na nimefunga hesabu: siku sita tu za baridi ya kweli. Nimempa Apondi namba zote. Nafunga daftari hili.

Kabla ya kulifunga nimefungua lile la kijani, ukurasa wa mwisho. Chini ya maneno ya Hélène ukurasa ni mtupu. Asubuhi ile, baada ya kumgusa na kujua, nilitoka uani na sikuwa na pa kwenda, na macho yangu yalikwenda ukutani kwa mazoea. Nilisoma. Nimeikumbuka namba ile kila siku tangu hapo. Alikuwa ameniachia kazi moja.

Nimechonga kalamu yake ya risasi na kuandika:

*Tarehe 13 Julai 2018, saa moja asubuhi na dakika tano. Chini ya sifuri, nyuzi 3. Hakuna upepo. Jua limetoka. Nimesoma mimi, Firmin.*